Paka wa Kiajemi Tanga: manyoya utayamudu, pua ndiyo mtihani

SWALI: Daktari, shikamoo. Shangazi yangu ameishi Maskati miaka mingi, sasa anahamia kwa mwanawe Uingereza na hawezi kwenda na paka wake. Ananiomba nimchukue. Ni jike wa Kiajemi, mweupe pe, ana miaka miwili. Mimi nakaa Tanga mjini. Nyumba ina feni, kiyoyozi hakuna. Paka nimefuga tangu utotoni, lakini ni hawa wetu wanaokula dagaa na kulala juu ya bati. Kaka yangu anasema nimnyoe manyoya yote kwa sababu ya joto, jirani anasema paka hao lazima waogeshwe kila wiki, na mume wangu ameshaanza kupiga hesabu za kuuza watoto wake. Nina watoto wawili, mdogo ana miaka minne. Je, nitamuweza?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umeuliza kuhusu joto, kunyoa, kuogesha na biashara, na yote nitayagusa. Ila kuna jambo hukuliuliza, nalo ndilo litakaloamua kama paka huyu ataishi Tanga kwa raha au kwa kuhema: pua yake ikoje? Watu wote huogopa manyoya ya paka wa Kiajemi. Manyoya ni kazi, lakini ni kazi ya kujifunza, na mama aliyezoea kuwasuka watoto anayo tayari subira inayotakiwa. Uso bapa hauna mafunzo. Paka amezaliwa nao na atakufa nao. Kwa hiyo tuanze hapo.

Uso ule si wa asili. Mwitaliano Pietro della Valle, aliyezunguka Uajemi mwanzoni mwa karne ya 17, aliandika habari za paka wa Khorasan wenye manyoya marefu laini na nia yake ya kuwapeleka kwao Italia. Hata maonyesho makubwa ya paka yalipofanyika Crystal Palace, London, mwaka 1871, paka walioitwa wa Kiajemi walikuwa na pua iliyojitokeza. Ni wafugaji wa Marekani na Ulaya, katika karne ya 20, waliochagua kizazi baada ya kizazi wale wenye sura fupi zaidi, mpaka wengine pua ikaingia katikati ya macho. Wataalamu wa vinasaba walipopima, walikuta paka wa Kiajemi wa leo ana undugu wa karibu zaidi na paka wa Ulaya Magharibi kuliko wa Mashariki ya Kati. Uajemi limebaki jina tu.

Ufupi huo wa uso unalipiwa. Matundu ya pua yanakuwa finyu, nyama laini ya nyuma ya kaakaa inaziba njia ya hewa, mfereji wa machozi unapindika, meno yanabanana kwenye taya dogo. Na joto linapopanda, paka hana jasho la kumsaidia isipokuwa kidogo kwenye nyayo. Anajipooza kwa kulamba manyoya ili mate yakauke, kwa kulala mahali pa baridi, na hayo yakishindikana anahema kwa mdomo. Mwenye njia ya hewa iliyobanwa akifika hatua ya kuhema, anatumia nguvu nyingi, anazidi kupata joto, na hali inaharibika haraka.

Basi mwambie shangazi akutumie vitu viwili kwenye simu. Kwanza picha ya paka kwa ubavu na nyingine kwa mbele, uso uko wazi. Tazama ukingo wa juu wa ile ngozi ya pua isiyo na manyoya. GCCF, chama cha Uingereza kinachosajili paka wa nasaba, kinataka ukingo huo usipande juu ya ukingo wa chini wa jicho. Ukiwa chini ya hapo, na matundu ni ya mviringo yaliyo wazi, uko salama zaidi. Ukiwa juu, na matundu ni kama mkato wa wembe, hapo pana tatizo. Pili, video ya dakika moja akiwa amelala fofofo, feni na televisheni vimezimwa. Hesabu kifua kinapanda mara ngapi. Paka mzima aliyelala hupumua chini ya mara 30 kwa dakika, kimya. Mkoromo mdogo kwa Waajemi ni kawaida. Kukoroma kwa nguvu, kujikaza tumbo kila pumzi, au kulala na mdomo wazi si kawaida hata kidogo, haidhuru mwenyewe anasema "ndivyo alivyo". Uliza pia: akicheza kidogo, huachama mdomo? Matundu finyu yanaweza kupanuliwa kwa upasuaji, na kama yuko hivyo ni afadhali afanyiwe hukohuko kabla ya safari.

Sasa joto. Utasema Maskati kuna joto kuliko Tanga, na ni kweli, kiangazi kule hupita nyuzi 40. Lakini paka wa shangazi halijui joto hilo. Ameishi ndani, kiyoyozi kinaunguruma mchana na usiku. Anatoka kwenye nyuzi 24 za hewa kavu kuja kwenye nyuzi 30 na zaidi za hewa nzito ya bahari, na katika unyevu huo mate anayojilambia hayakauki upesi. Ndiyo maana nakushauri asiletwe wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi. Aje kusi ikivuma, Juni au Julai, apate miezi ya kuzoea kabla joto halijapanda.

Kiyoyozi si lazima kwa paka mwenye pua nzuri. Kinachotakiwa ni chumba kimoja kisichopigwa na jua la mchana, chenye sakafu ya marumaru au saruji isiyo na zulia, madirisha yanayopitisha upepo, na feni iliyowekwa chini badala ya kuning'inia darini. Weka maji sehemu mbili tatu. Saa za adhuhuri mfunge humo. Siku za joto kali lowesha taulo kwa maji ya kawaida, likamue, umfute masikio, tumbo na nyayo, au umwachie alalie chupa ya maji ya baridi iliyofungwa kwenye kanga. Umeme ukikatika saa nane mchana mwezi wa pili, hicho ndicho utakachokuwa nacho. Ukimkuta anahema mdomo wazi, mate yanachuruzika, ufizi umekuwa mwekundu sana au umepauka, ni dharura. Mloweshe hadi kwenye ngozi kwa maji ya bomba (ya barafu hapana), mpepee, na uondoke naye kwenda kwa daktari wakati bado umelowa wewe na yeye.

Nyumba zetu za pwani zina jambo jingine ambalo wenzetu wa bara hawalifikirii: moshi. Udi na ubani wa magharibi, na dawa ya mbu ya kuchoma usiku. Sikukatazi kufukiza nyumba yako. Chumba cha paka kiache nje ya ratiba, mlango umefungwa, mpaka moshi uishe.

Kaka yako na mashine yake ya kunyolea wasubiri kwanza. Kunyoa mwili mzima hakurekebishi njia ya hewa, na huyu ni mweupe. Ngozi ya paka mweupe huungua na jua, na kwenye ncha za masikio na puani jua la miaka huleta saratani, jambo tunaloliona kwa paka weupe katika nchi zetu. Kwa hiyo kuota jua dirishani saa sita mchana ni marufuku, awe amenyolewa au la. Ninachokubali, na kwa Tanga ninakipendekeza, ni kupunguza manyoya ya tumboni, ya makwapani na ya mapajani kwa nyuma. Hapo ndipo anapogusa sakafu ya baridi, na ndipo mafundo yanapoanzia. Mgongo, shingo na mkia viache.

Mafundo ndiyo habari yenyewe ya manyoya. Paka wa Kiajemi ana tabaka mbili: manyoya marefu ya juu, na sufi laini nzito chini yake. Ile sufi inakatika na kupukutika, lakini haidondoki kama ya paka wa kawaida. Inanaswa na manyoya marefu, inasokotana, na baada ya siku chache unapata kijifundo kama punje ya kunde. Usipokitoa kinakua, kinashikana na jirani yake, kinaishia kuwa kipande kilichobana juu ya ngozi. Kila paka akitembea, ngozi inavutwa. Chini yake hakuna hewa, pana unyevu, na viroboto wamepata nyumba. Nimeletewa kliniki paka ambaye mwenyewe alilalamika kwamba amekuwa mkali na hataki kubebwa. Ukali wote ulikuwa maumivu ya mafundo ya makwapani.

Kule Ulaya paka hupukutisha zaidi majira yanapobadilika, kwa sababu urefu wa mchana hubadilika. Kwetu karibu na ikweta mchana ni uleule mwaka mzima, tena taa za ndani zinawaka hadi usiku, hivyo atapukutisha kidogo kidogo kila siku. Na kuchana ni kila siku. Sisemi mara tatu kwa wiki kama baadhi ya wauza paka wanavyosema ili wasikutishe. Robo saa baada ya chakula cha jioni, paka akiwa na usingizi, inatosha kama hukukosa jana.

Kifaa ni chanuo la chuma lenye meno ya mviringo nchani, upande mmoja mapana, upande mwingine ya karibu karibu. Burashi nzuri ya dukani inapita juu tu. Paka anang'aa, unampiga picha, na chini mafundo yanaendelea na kazi yake. Mweke mapajani au juu ya meza yenye taulo. Anza shingoni na mgongoni, sehemu anazozipenda, kisha fungua manyoya kwa vidole mstari kwa mstari mpaka uone ngozi, na uchane kutoka kwenye ngozi kwenda nje, kidogo kidogo. Chanuo likipita bila kukwama toka mzizi hadi ncha, sogea mstari unaofuata. Sehemu ambazo watu huziruka ni nyuma ya masikio, makwapani, katikati ya mapaja, chini ya mkia na kidevuni. Tumbo hulipata kwa kumwegemeza mgongo kifuani kwako, miguu ya nyuma ikiwa mapajani, mkono mmoja umemkumbatia kifua. Mwanzo atakukatalia. Chana tumbo kwa nusu dakika, mwache, rudi kesho. Kumshika kwa nguvu siku moja kunakugharimu mwezi mzima wa kukimbizana chini ya vitanda.

Fundo ukilikuta, shika manyoya kati ya fundo na ngozi kwa vidole viwili, ili uvutaji uishie mkononi mwako. Nyunyiza kornflawa kidogo, ile ya jikoni, ulichambue kwa vidole toka nchani kwenda ndani, kisha chanuo la meno mapana. Usitumie poda ya mtoto, kwa sababu atailamba na kuivuta puani. Usipake mafuta ya nazi kwa kudhani yatalainisha, yananasa vumbi na kesho una mafundo mawili. Na mkasi, mwanangu, usiuguse. Ngozi ya paka ni nyembamba mno na hunyanyuka pamoja na fundo, hivyo unachokiona ni manyoya na unachokata ni ngozi. Hawa wenye vidonda vya mkasi tunawashona kila mara, na waliowakata wote walikuwa wanawapenda. Fundo lililoshindikana hutolewa kwa mashine, na daktari, ikibidi kwa dawa ya usingizi.

Kuhusu jirani: kuogesha kila wiki ni kwa paka wa mashindano. Mara moja kwa mwezi, au manyoya yakionyesha mafuta, yanatosha. Sharti la kwanza ni kumchana kabisa kabla ya maji, kwani fundo likilowa linakaza na halifunguki tena. Maji ya uvuguvugu, shampuu ya paka (ya watu na sabuni ya vyombo hapana), suuza mpaka maji yatoke safi. Kisha kumkausha, na hapo ndipo Tanga inapoleta shida, maana sufi ya chini hukaa na unyevu siku nzima katika hewa yetu. Taulo mbili, feni, chanuo mkononi, au kikausha nywele kwa joto la chini kabisa akikivumilia. Mwogeshe asubuhi siku kavu. Kumwogesha jioni alale amelowa ni kukaribisha fangasi.

Na fangasi huyo anamhusu mtoto wako wa miaka minne. Waajemi ni wepesi kuliko paka wengine kupata choa, na mara nyingine hubeba vimelea bila kuonyesha kitu, manyoya yote yanapendeza. Kwa mtoto hutokea duara jekundu linalowasha mkononi, au mapunye kichwani. Paka akifika, kabla hajalala na watoto, apimwe. Akiwa nacho kinatibika, kwa dawa ya kunywa kama itrakonazoli pamoja na kumwogesha dawa, lakini ni wiki nyingi, na vijimbegu vya fangasi vinakaa kwenye zulia na makochi zaidi ya mwaka visiposafishwa. Karantini ya wiki mbili tatu kwenye kile chumba chake cha baridi itakuokolea mengi, na paka mwenyewe aliyesafiri atashukuru kwa utulivu.

Macho utayafuta kila asubuhi. Kwa vile mfereji wa machozi umepinda, machozi humwagika usoni na kuacha mistari ya kahawia, ambayo kwa paka mweupe inaonekana toka mlangoni. Pamba safi, maji yaliyochemshwa yakapoa, pamba moja kwa jicho moja, toka kona ya ndani kwenda nje. Rangi ile haidhuru. Kinachodhuru ni jicho linalofumbwa, linalotoa tongo la njano au lenye doa jeusi kwenye kioo chake. Hayo ni ya siku hiyohiyo. Usimtie dawa ya macho iliyobaki nyumbani: baadhi zina steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe, na jicho lenye kidonda likitiwa steroidi linaweza kupasuka. Ukiwa hapo tazama ukingo wa jicho pia kama kope zinageukia ndani.

Kwa kuwa ni mweupe, jaribu kama anasikia. Paka weupe, hasa wenye macho ya buluu, huwa na uwezekano mkubwa wa kuzaliwa viziwi. Piga makofi nyuma yake asikuone. Kiziwi anafugika vizuri tu, ila watoto wafundishwe wasimshtue.

Upande wa choo nitasema wazi. Kinyesi hushika manyoya ya nyuma, na akiharisha ni balaa. Manyoya kuzunguka njia ya haja yapunguzwe kwa mashine kila baada ya wiki chache. Beseni lake la haja liwe pana, lenye mchanga wa punje kubwa. Vumbi la mbao hunasa nyayoni na mapajani, utalikuta kitandani. Mchanga wa ufukweni uliooshwa na kukaushwa unafaa, na Tanga hukosi.

Chakula: hapa nakuomba uachane na ulichozoea. Paka wetu wa bati anaishi kwa dagaa kwa sababu pembeni anakamata panya, mijusi na nzige, na huko ndiko anakopata kilichopungua. Huyu hatakamata kitu. Ukimlisha ugali na dagaa, au samaki peke yake kila siku, atakosa vitamini na virutubishi kadhaa, na kile cha hatari zaidi kukikosa ni taurini, ambayo mwili wa paka hauwezi kujitengenezea ya kutosha. Mwaka 1987 watafiti wa California walionyesha kwamba upungufu wake hutanua moyo wa paka mpaka unashindwa kusukuma damu, na macho pia hupofuka. Msingi uwe chakula cha paka kilichotengenezwa kamili, cha kopo au kikavu. Ndiyo, bei inauma, na hiyo gharama ya kila mwezi ujadiliane na mumeo leo, si paka akishafika. Kuku aliyechemshwa bila chumvi na dagaa wachache ni vya kumfurahisha. Mchuzi wetu hapana, kwa sababu kitunguu maji na thomu huharibu damu ya paka. Maziwa huharisha wengi wao, na nimekwisha kueleza kuharisha kunavyomalizika. Sahani iwe bapa, si bakuli la kina, maana uso ule hauingii. Mwili wa paka aliyesafiri ukikaa siku mbili bila kula chochote, mpeleke. Ini la paka haliwezi kufunga.

Dawa za kuua viroboto ndizo zinazonitoa machozi. Tanga ni mji wa ng'ombe wa maziwa, na dawa za kuogeshea mifugo ziko kila duka la pembejeo. Permethrini, ambayo ng'ombe na mbwa wanaistahimili, humletea paka mitetemeko, degedege na kifo. Paka wa manyoya marefu ana hatari zaidi kwa sababu dawa inakaa humo naye anajilamba siku nzima. Tumia tu kilichoandikwa kuwa ni cha paka, kwa uzito wake. Chandarua kipya chenye dawa ya mbu kipunge hewa kwanza, na usimwache akitafune. Panadol usimpe hata robo. Ini lake haliwezi kuivunja.

Nirudi kwa mumeo na hesabu zake. Kwanza uliza kama paka ameshafungwa kizazi, pengine biashara imekwisha kabla ya kuanza. Kama bado, ajue kwamba manyoya marefu ni sifa iliyojificha kwenye urithi: akipandwa na dume wa mtaani, watoto karibu wote watatoka na manyoya mafupi, na soko alilolipigia hesabu halipo. Akitafuta dume wa Kiajemi, Waajemi huzaa kwa shida kuliko paka wa kawaida kwa sababu ya vichwa vikubwa vya watoto, na upasuaji wa usiku haungoji faida. Ushauri wangu ni afungwe kizazi.

Kuna na la figo. Waajemi hurithi ugonjwa wa vifuko vya maji kwenye figo, na jeni yake ilitambuliwa mwaka 2004. Kabla ya upimaji kuenea, tafiti za nchi mbalimbali zilikuta zaidi ya mmoja kati ya watatu wanao. Paka huzaliwa na vifuko vidogo, navyo hukua taratibu, na dalili huja mara nyingi akiwa na miaka saba hivi: kunywa maji mengi, kukojoa sana, kukonda. Kipimo cha vinasaba hufanywa mara moja tu maishani, kwa kupangusa ndani ya shavu, na ultrasaundi kwa mwenye umri wake huonyesha wazi. Mwombe shangazi alipie kipimo hicho Maskati, ni rahisi kuliko kukitafuta toka Tanga. Majibu mabaya hayamaanishi umkatae. Yanamaanisha maji mengi, chakula cha majimaji, na kipimo cha damu kila mwaka. Kwa mambo makubwa, hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro ipo, ila ni safari, na safari kwa huyu ni usiku.

Safari ya ndege nayo ianze kupangwa mapema. Mashirika mengi ya ndege hukataa wanyama wa uso bapa sehemu ya mizigo, hasa miezi ya joto, kwa sababu ndio wanaofia humo. Atafute linalomruhusu kukaa na abiria. Atahitaji cheti cha afya kutoka Oman, chanjo ya kichaa cha mbwa na nyingine za paka, na wewe huku uombe kibali cha kumwingiza kutoka Wizara ya Mifugo na Uvuvi kabla tiketi haijakatwa. Dawa ya usingizi ya safarini wasimpe, kwani pumzi yake haihimili.

Kwa hiyo, je, utamuweza? Pua ikiwa wazi, chumba cha baridi kikiwepo, na robo saa ya kila jioni ikiwa na mwenyewe anayetajwa kwa jina (mkisema "tutasaidiana" hakuna atakayechana), mchukue. Ni paka wapole, wanakaa chini, hawaparamii mapazia, wanavumilia watoto wanaojua adabu, na sauti yao husikika mara chache. Pua ikiwa mbaya, mwambie shangazi ukweli kwamba ni huruma kumwachia rafiki wa Maskati mwenye kiyoyozi kuliko kumleta ahangaike. Asikwambie umekataa amana. Ukitamani paka wa nasaba anayefaa hewa yetu, yupo: Sokoke, aliyetokana na paka wa msitu wa Arabuko-Sokoke huko Kilifi, mwembamba, manyoya mafupi yasiyo na sufi, aliyeanza kufugwa kwa nasaba baada ya mwaka 1978. Wazungu wanamtafuta kwa udi na uvumba, sisi tunatafuta wa Kiajemi.

Ukiamua kumpokea, shangazi afungashe pamoja naye chanuo analolijua, shuka lake bila kufuliwa, kadi ya chanjo na chakula chake cha wiki mbili ili ukibadilishe polepole. Mpime uzito siku ya kwanza, andika ukutani, na umpime tena kila Ijumaa. Chini ya manyoya yale paka anaweza kukonda mwezi mzima bila macho kuona, mzani ndio utakaokwambia. Picha ya pua nitumie kabla hujajibu chochote.